Mkeka wa Ijumaa Kuu

Mama,

Basi nilikuwa nimefika pale kwenye habari ya mkeka Mwadime aliponiita kwamba gari linaondoka, nami nikainuka na mchanga magotini na maneno mdomoni. Jumatatu ile ya Pasaka tulikujia kaburini watu wengi mno: mume wangu Mwadime, mama mkwe, Baba, na watoto wa jirani waliotaka kuona bibi arusi anavyolia. Ya moyoni hayasemeki mbele ya hadhara namna ile. Nilisali, nikang'oa magugu, nikapiga magoti kukunong'oneza, na honi ikalia. Sasa nimeketi chumbani kwangu hapa Kibarani. Mwadime yuko kazini kivukoni, mama yake amerudi kwao Taita, nyumba imenyamaza. Acha nikumalizie.

Najua hukujua kusoma. Barua zangu zote za shuleni Baba ndiye aliyekusomea, nawe ukimwambia, "Rudia pale aliposema anakula vizuri." Hii nitakuja kukusomea mwenyewe.

Lakini kabla ya mkeka niitoe kwanza furaha, maana nikiibana itanipasua. Mama, mwanao anapendwa! Sikujua kama mtu anaweza kupendwa hivi na bado akakumbuka kutia chumvi kwenye mchuzi. Kila jioni anarudi akinuka dizeli na maji ya bahari, na ndani ya mfuko wa shati, katika kipande cha gazeti, ameniletea asumini. Siku ambayo mtambo wa kivuko uliharibika na magari yakapanga foleni hadi nikadhani hatarudi kabisa, alikuja uso mzima umejaa oili, yanaonekana macho na meno tu, na asumini zake nyeupe mfukoni hata moja haikuchafuka. Ananiita "Mwalimu" kwa sababu namsahihisha Kiswahili chake cha bara. Samaki akiungua husema huo ndio upande anaoupenda yeye, hula wote, kisha namsikia akinywa maji kwa siri kule nyuma. Anaimba vibaya, Mama. Anaimba vibaya sana, na mimi husimama mlangoni na ufagio nikimsikiliza kama mjinga.

Basi katikati ya kicheko hicho ndipo unaponijia, na chakula kinanikwama hapa kooni, mahali palepale kilipokukwama wewe.

Nikuambie kilichonichoma. Siku ya harusi Shangazi alikuwa ananifunga leso kiunoni, nami nikaanza kulia kwa ajili yako. Akanifuta machozi kwa kiganja, akasema kwa upole kabisa, "Usilie, Kadzo. Mamako ndiye aliyekufungulia njia. Asingeugua, huyu kijana ungemjulia wapi?" Wenzake wakaitikia, "Ni kweli, ni kweli," wakapiga vigelegele. Nikatoka nje nikacheza, nikapigwa picha, na neno lile likabaki ndani kama mwiba wa samaki.

Kwa sababu ni kweli. Unakumbuka ile safari ya kwanza ya kukupeleka hospitali kubwa Mombasa? Ulikuwa umelala nyuma ya pikapu juu ya godoro, jua la saa sita linawaka, magari yamejaa pande zote mbili za maji, na mimi nakupepea na kifuniko cha sufuria. Akatokea kijana mwenye ovaroli la kazi akapaza sauti, "Gari la mgonjwa lipite! Mbele pale, wewe wa lori, sogea!" Tulipoingia kivukoni akavua lile ovaroli, akabaki na kaptura na fulana yenye matundu, akalishika juu ya uso wako kukufanyia kivuli mpaka ng'ambo. Mikono ilimchoka na hakuishusha. Tulipofika upande wa pili ukanivuta sikio karibu na mdomo wako, sauti yako ilikuwa bado ipo kidogo, ukasema, "Yule mtoto wa watu anamfunika mgonjwa lakini macho yote yako kwako." Ukacheka. Koo likakuuma, ukashika shingo, ukaendelea kucheka hivyo hivyo.

Kila tulipovuka alikuwepo. Na kila tulipovuka wewe ulikuwa umepungua. Mapenzi yangu yalinenepa wewe ukikonda, Mama. Nimwambie nani neno kama hilo? Nilivaa gauni langu jeupe nikajiona kama mtu aliyekula chakula cha mgonjwa.

Kisha ikaja Kwaresima. Mchungaji wetu hapa ni mtu mwema na anahubiri vizuri. Jumapili moja alisema kwamba furaha yote tuliyo nayo tumeipata kwa sababu mwingine aliteswa, kwamba Mwokozi aliumia ili sisi tucheke. Kanisa zima likasema amina. Mimi nilifumba mdomo. Mwadime alinigeukia, nikajifanya natafuta leso. Niliwaza: nani anayeitaka furaha ya namna hiyo? Mtu mwenye moyo ataipokeaje? Tena nikawaza jambo baya zaidi, nalo nakuambia wewe tu. Kama aliteseka kwa ajili yetu, mbona mateso hayakuisha pale? Kama alibeba, mbona na wewe ulibebeshwa?

Kule sekondari tulifundishwa sababu za kifo cha Yesu. Nilizikariri zote, nikaziandika kwa mwandiko mzuri, nikapata alama za juu hata mwalimu akanisifu mbele ya darasa. Nilipoketi kando ya kitanda chako nilizitafuta. Haikunijia hata moja.

Sasa mkeka.

Unajua ulivyokuwa ukifanya wewe. Wenzako kanisani Ijumaa Kuu ilikuwa ni kwenda ibada, kurudi, na kuanza kufikiria pilau ya Jumapili. Wewe ulikuwa na matanga. Alhamisi jioni ulifagia nyumba na ua, ukazima moto, ukateremsha mkeka wako ule mkubwa uliousuka mwenyewe, ukautandika sebuleni kama nyumba iliyofiwa. Ijumaa tukitoka kanisani ulijifunga leso kichwani, ukakaa chini, miguu umeinyoosha mbele, ukanyamaza. Tulikula muhogo wa jana, baridi. Hufagii, huwashi moto, hulali kitandani mpaka Jumapili alfajiri. Mimi nikirudi kutoka shule ya bweni niliona haya. Niliwahi kukuambia kwamba haya ni mambo ya hanga, ya kilio cha Kigiriama, hayaandikwi popote katika dini. Hukukasirika. Ulisema, "Siku ile rafiki zake walikimbia wote. Kwao hapakuwa na mkeka. Hata wa kumkalia hakuwepo ila mama yake na wanawake wachache. Basi mimi nitakaa." Kisha ukanisogezea muhogo. "Kula. Wewe una mitihani."

Na Ijumaa Kuu ya mwaka jana, ile ya mwisho wako, ukamwambia Baba akuteremshe kitandani. Baba akakataa. Ukamtazama tu. Akakubeba kama mtoto akakuweka mkekani, akatoka nje, nikamsikia akipenga makamasi kule bandani kwa mbuzi. Ulikuwa humezi tena. Nilichovya pamba katika maji ya dafu nikakulowesha midomo, na midomo yako ikaifuata pamba nilipoiondoa. Hilo ndilo ninaloliona nikifumba macho, Mama. Midomo kuifuata pamba. Ukasema, kwa ile sauti iliyobaki ikikwaruza kama karatasi, "Hata yeye aliomba maji." Basi. Sikujua kama ulikuwa unajifariji au unamhurumia yeye.

Mvua kubwa zilikukuta bado upo, zilipokatika ulikuwa umekwenda.

Nilipoolewa Baba alinikabidhi mkeka ule. Alisema nyumba yake haina mtu wa kuukalia. Niliuweka juu ya kabati, na tangu Jumatano ya Majivu nilijua kwamba Ijumaa Kuu itakapofika nitautandika. Sikuwa na imani ya kutosha, nakiri. Nilikuwa na hasira ya kutosha. Nilitaka kulala chini kwa sababu kitanda changu kilikuwa kizuri mno.

Mama mkwe akaja kwa Pasaka. Ungempenda, ijapokuwa mngegombana. Ni mwanamke mfupi, mkavu, ameokoka zamani zile ambazo kuokoka kulikuwa ni vita. Alivuka kivuko cha mwanawe mwenyewe akiwa amefumba macho na kuimba kwa sauti, abiria wakamwitikia kwaya nzima. Alituletea kabichi kubwa kama vichwa vya ng'ombe, na maharagwe, na akanikagua mikono kuona kama ninafanya kazi. Alhamisi jioni nikafagia, nikazima jiko, nikateremsha mkeka. Akauliza ni wa nini. Nikamweleza. Akashika kiuno.

"Mwali wa juzi tu, alale chini? Huo ni uchuro, mwanangu! Unaiita mauti iingie nyumba ambayo bado inanuka rangi."

Nikamwambia si uchuro, ni Ijumaa Kuu.

"Mimi nimeokoka, siamini mikosi," akasema. "Lakini uchuro ni uchuro. Na tena, Yesu hawekewi matanga! Amefufuka. Unamlilia mtu aliye hai, unamfanya mfu? Kunja hicho kitu."

Nikamgeukia Mwadime wangu. Mama, nilimgeukia kwa moyo wangu wote, nikijua atasema neno. Alikuwa anafungua kamba za viatu. Hakuinua kichwa. "Kunja tu, Mwalimu," akasema. "Mama yuko hapa siku chache."

Nilikunja. Asumini alizoniletea jioni ile niliziacha katika gazeti lake mezani mpaka zikawa kahawia. Ndiyo mara ya kwanza tumelala tumepeana migongo, na nilijiambia, basi, sasa hata hii inachukuliwa.

Ijumaa Mwadime aliingia kazini mapema, kivuko hakina sikukuu. Mimi na mama mkwe tulikwenda kanisani tukarudi bila kusemezana. Yeye akaingia chumbani kupumzika. Mimi nikasimama sebuleni nikisikiliza joto. Kisha sijui, Mama, mikono ilifanya yenyewe. Niliutandika mkeka. Nilijifunga leso kichwani, nikakaa, nikanyoosha miguu. Mlango ulikuwa wazi kwa ajili ya upepo. Nikaanza kulia, kwanza kidogo kidogo, halafu kama ng'ombe.

Hapo ndipo alipopita Bi Zuhura, mama mwenye nyumba, anayekaa ua wa pili. Ni mtu mzima, Mswahili wa hapa hapa, mjane, ulimi wake hauna pazia. Alinichungulia akaenda zake mbio. Haukupita muda nikasikia kandambili zake zinarudi, na hodi, hodi, na tazama, ameingia na buibui lake, birika la kahawa mkono mmoja, kikapu cha vikombe mkono wa pili, machozi yamemlenga.

"Poleni, jamani! Poleni! Nimekuona hapo mkekani, miguu umeinyoosha, nikasema hapana, watoto hawa wana msiba na mimi sina habari! Haya, nani? Babako?"

Nikasema, "Hapana, Bi Zuhura. Ni Yesu."

Akaduwaa. "Nabii Isa?"

"Ndiye."

"Lini?"

"Leo. Yaani zamani, lakini ni leo."

Alilitazama birika lake. Akanitazama mimi. Nikajua sasa atacheka, au atakasirika kwamba nimemhangaisha mtu mzima na jua lile. Nilikuwa tayari kuinuka niombe radhi. Akavuta pumzi akasema, "Sisi hatusemi hivyo, mwanangu. Sisi twasema Mola alimnusuru. Lakini kahawa nimeshaipika." Akavua kandambili, akashika ukuta, akashuka taratibu mpaka mkekani, akanyoosha miguu karibu na yangu. Akamimina. Akanywa yeye kwanza. "Haya, sasa niambie walia nini hasa. Kwa maana kilio kile nilichokisikia si cha kitabuni."

Nikamwambia habari zako. Zote, Mama, hata pamba. Hakuniambia nyamaza. Hakuniambia ni kazi ya Mungu. Alikuwa akisema tu, "Ehe. Ehe. Pole mwanangu," na kunipapasa goti kama anayemlaza mtoto.

Mama mkwe akatoka chumbani. Alikuwa amesikia sauti za watu. Akasimama mlangoni, miguu mitupu, akamwona mgeni mtu mzima ameketi sakafuni na yeye ametoka kitandani. Bi Zuhura akamtangulia kusema: "Karibu, mkwe. Aliyefariki ni wenu. Mbona wafiwa wamesimama na sisi wapita njia ndio tumekaa?"

Mama mkwe akaangalia mkeka kama mtu anayeangalia maji ya kivuko. Kisha akaja. Akakaa ukingoni kabisa, kwanza magoti ameyakunja, halafu akayanyoosha. Akapewa kahawa akaishika bila kunywa. Nje watoto walikuwa wanacheza mpira wa matambara.

Halafu akasema, hakutuambia sisi, aliiambia ile kahawa: "Kabla ya Mwadime nilikuwa na mwingine. Surua ilimchukua. Ndugu wa kanisani walikuja wakasema, mtoto yuko mbinguni, usilie kama wasioamini, imba. Nikaimba. Niliimba kaburini mpaka sauti ikakauka, watu wakanisifu. Sikuketi chini hata siku moja."

Akaweka kikombe. Alilia kwa aibu kwanza, amejifunika kanga, mabega tu ndiyo yanayosema, na Bi Zuhura akamsogelea akamshika, na wala hawakuwa wanajuana majina.

Alipotulia, mimi nikalitoa lile swali langu. Sijui nilipata wapi ujasiri. Nikamwambia neno la Shangazi na mahubiri ya mchungaji, nikamwambia kwamba kila mwanawe anaponichekesha naona kama nakunywa kitu kilichotoka kwako. Nikauliza kama ndivyo Mungu anavyofanya, anamtesa mmoja ili amfurahishe mwingine.

Akapangusa pua. Akasema, "Nilipomzaa huyu mumeo niliumwa mpaka mkunga akaagiza mchungaji aitwe. Sasa nikimwona anacheka, unadhani namdai? Nataka acheke. Angekataa kucheka kwa sababu mimi niliumwa, ningemchapa."

"Lakini uliumwa ili yeye acheke?"

"Niliumwa kwa sababu kuzaa kunauma, mwanangu. Ili, ili! Nyie mliosoma." Kisha akapoa. "Nilikubali kuumwa kwa sababu nilimtaka yeye. Ndilo ninalolijua. Na la Bwana wangu, nadhani ni hilo hilo, kubwa zaidi. Alitutaka."

Bi Zuhura akasema, "Haya, hayo ni yenu," akajaza vikombe.

Mama, nimelizungusha neno lile kichwani tangu siku hiyo. Si kwamba limenimaliza kiu. Lakini nimeona nilipokuwa nimechanganya. Wewe hukuugua ili mimi niolewe. Uliugua kwa sababu koo liliugua, na hilo ni jambo baya, na siku ile kivukoni lilikuwa baya, na hakuna harusi itakayoligeuza likawa zuri. Shangazi hakujua alichokisema. Lakini ulipokuwa ndani ya baya hilo, jua kichwani, ulimwona mtu ananitazama, ukacheka kwa ajili yangu na huku unaumia. Kicheko kile hakukutuma mtu. Hukukiuza, wala mimi sikukinunua. Ulinipa.

Na ulipokaa chini kwa ajili ya Mwokozi miaka yote ile, nilidhani unalipa kitu, kama mtu anayetumikia adhabu. Sasa nimekaa mahali pako. Nimemwona jirani wa dini nyingine akishuka sakafuni na magoti yake mabovu kwa ajili ya kifo ambacho yeye haamini hata kama kilitokea, kwa sababu tu alisikia kilio. Hakuja na jibu. Alikuja na kahawa. Nikawaza, pengine ndivyo alivyofanya Mwokozi naye. Pengine alisikia kilio chetu huko alikokuwa, akashuka, akakaa kwenye mkeka wetu, akaumwa kama sisi, akaona kiu kama sisi. Midomo yako ilipoifuata ile pamba hukuwa unamhurumia wala kujifariji. Ulikuwa umemtambua.

Lakini kwa nini hakukupa maji, Mama? Hapo bado nimekaa. Nikimaliza sala hurudi hapo hapo. Mchungaji akiniuliza nitamwambia hivyo hivyo. Nimeacha kuogopa kwamba ni dhambi kuuliza, maana yeye mwenyewe pale juu msalabani aliuliza kwa nini, kwa sauti, mbele ya watu, na hakujibiwa siku hiyo.

Nilikuwa sijakumalizia. Saa kumi Mwadime akarudi. Kutoka njiani aliona kandambili za mgeni mlangoni, akaona mkeka, akamwona mama yake ameketi chini macho mekundu. Alitupa alichokuwa amekibeba akaingia mbio. "Mama! Nani? Nani amekufa?" Uso ulimgeuka kijivu. Bi Zuhura akamwambia, "Keti, mwanangu. Tushakuwa wengi, utaambiwa." Tukaanza kucheka, Mama. Sisi watatu, machozi bado hayajakauka, tukacheka mpaka mama mkwe akashika ubavu. Na yeye maskini amesimama hajui afanye nini na mikono yake. Mwishowe akavua viatu, akakaa chini karibu na mlango.

Alichokuwa amekitupa ni madafu. Alikuwa amebeba kichala kizima kutoka kivukoni, kuniomba radhi kwa jana. Akaenda akayaokota, akayakata kwa panga pale uani, la kwanza akampa Bi Zuhura, la pili mama yake, la tatu akaniletea mimi kwa mikono miwili. Hajui habari ya pamba, sijawahi kumwambia. Nililishika. Nililishika muda mrefu mpaka akasema polepole, "Kunywa, Mwalimu. Tafadhali."

Nilikunywa, Mama. Lilikuwa tamu. Nililia na nikamaliza lote.

Tulilala chini sote watatu wa nyumba hii, mpaka Jumapili. Alfajiri mama mkwe alinishikia upande wa pili wa mkeka tukaukunja pamoja, ukingo kwa ukingo, naye akaanza kuimba wimbo wa ufufuo kwa ile sauti yake kavu, safari hii akisita katikati mara moja, akaendelea. Siku ya kuondoka aliniuliza, kama anauliza bei ya mboga, kama kwetu Gede kuna mtu anayejua kusuka mkeka kama ule. Nikamwambia aliyejua amelala pale tulipokuwa juzi.

Mengine ni haya. Baba anakula, ingawa anapika uji mzito kama matofali. Yule kuku wako mwenye shingo tupu ameangua. Bati la jikoni Mwadime atakuja kulirekebisha, ameahidi, na yeye huahidi polepole lakini hufanya. Kitanda chetu bado ni kizuri, na nimeacha kukikasirikia. Jana nilicheka peke yangu nikifua ovaroli lake, nikalitambua, ni lile lile alilokufunikia. Limechujuka mabegani. Sikulia. Nililianika vizuri, mikono imenyooka.

Nakuacha hapa, Mama yangu, pumzika pale ulipo, mimi nimeinuka kuwasha moto kwa sababu atafika sasa hivi na njaa zake. Jumatatu ile nilikuja na umati. Safari hii nitakuja peke yangu, na mkeka huu kichwani, niutandike pale kando yako, ninyooshe miguu, nikusomee barua hii yote, na pale niliposema nimekunywa nitarudia bila kuambiwa. Mwezi huu hautaisha kabla hujanisikia nikipiga hodi.

Mwanao,
Kadzo